Dawa ya Moto ni Moto: Somo la Pumzi Kutoka Bonde la Lambwe

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

  Mhariri wetu aliponiomba makala ya sayansi kwa Kiswahili, kuna wenzangu waliocheka. Wakasema ati Kiswahili ni cha methali na mashairi, na mambo ya dawa na ubongo tuyaache kwa Kimombo. Mimi sikubali. Jambo ninalotaka kulieleza lilifika nyumbani kwetu, na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyelielewa kwa Kimombo. Kama ningalikuwa na maneno ya kulieleza sawasawa siku ile ya kwanza, mtu mmoja asingaliteseka bure. Kisa chenyewe nitakisimulia mbele. Kwanza tuanze na somo.

SAFARI YA RUMA

Muhula wa kwanza tulizuru Mbuga ya Taifa ya Ruma. Kutoka hapa Rongo tulipitia Rodi Kopany, tukafika Homa Bay, kisha tukateremka Bonde la Lambwe. Asiyefika huko ajue kwamba mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita 120 za mraba. Ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa mbuga ya taifa. Ndipo mahali pa pekee katika Kenya ambapo bado wanaishi wale swala wakubwa waitwao korongo.

Mapema mwaka 2012 vifaru weusi waliletwa Ruma kutoka Mugie, huko Laikipia. Mwenzetu mmoja mdadisi akauliza, "Sasa kifaru wa kilo elfu moja, mwenye pembe na hasira, anapandishwaje lori?" Askari wa wanyamapori aliyetuongoza alicheka, kisha akatueleza. Mnyama hupigwa sindano kwa bunduki maalumu. Ndani ya sindano mna dawa iitwayo etofini, ambayo madaktari wa wanyama wamezoea kuiita M99. Kipimo chake ni miligramu chache tu, yaani kitu chepesi kuliko punje moja ya mchele. Katika dakika chache kifaru huanza kuyumba kama mlevi, kisha analala.

"Lakini kumlaza si kazi," askari akasema. "Kazi ni kumfanya aendelee kupumua, halafu kumwamsha."

Sisi tulisikia habari ya punje ya mchele tukapiga makofi. Ile sentensi ya pili wengi hatukuisikia vizuri. Mimi nilikuwa mmoja wao.

UKOO WA KASUMBA

Etofini si dawa ya peke yake. Ni mtoto wa ukoo mkubwa unaotokana na kasumba, ule utomvu wa mmea uitwao mpopi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani Friedrich Sertürner alitoa ndani ya kasumba kitu cheupe cha kuondoa maumivu. Kitu hicho ndicho mofini. Baadaye wanakemia walitengeneza ndugu wengine wa ukoo huo: heroini, methadoni, fentanili na wengineo. Ukoo mzima huitwa opioidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanakemia Mwingereza Kenneth Bentley na wenzake walikuwa wakicheza na thebaini, kitu kingine kinachopatikana katika mpopi. Walipata dawa zenye nguvu ya kutisha. Husimuliwa kwamba siku moja maabarani watu walikoroga chai kwa kijiti cha kioo kilichokuwa kimeguswa na dawa hiyo, na mara wakaanguka kwa usingizi mzito. Hiyo ndiyo etofini. Nguvu yake kwa wanyama ni mara elfu moja hadi elfu tatu kuliko ya mofini. Kwa hiyo haitumiwi kwa binadamu kamwe. Daktari wa wanyama anayeishika huvaa glavu, hafanyi kazi peke yake, na dawa ya kumkomboa huwa tayari kabla hajafungua chupa.

KWA NINI PUMZI HUPUNGUA?

Hebu ufanye jaribio dogo. Ziba pua na mdomo, uhesabu polepole. Ukifika mahali fulani mwili utakataa. Utavuta hewa utake usitake. Wengi hudhani ni kwa sababu oksijeni imekwisha. La. Kinachokusukuma zaidi ni kaboni dioksaidi inayojaa katika damu. Katika shina la ubongo, pale nyuma ya kichwa karibu na shingo, kuna seli zinazopima hewa hiyo mchana na usiku. Ikizidi, seli hizo hupiga kelele: pumua!

Karibu na hapo kuna kikundi kidogo cha seli kinachopiga mdundo wa pumzi kama mpiga ngoma asiyechoka. Wanasayansi walikieleza mwaka 1991 wakakiita preBötzinger. Ndicho kinachofanya upumue ukiwa usingizini, ukiwa darasani, hata ukiwa umesahau kwamba una mapafu.

Sasa, juu ya seli hizi kuna vipokezi vya opioidi. Vipokezi hivi viligunduliwa mwaka 1973. Mungu hakuviweka kwa ajili ya heroini, jamani. Mwili una dawa zake wenyewe zinazofanana na mofini, ambazo hutuliza maumivu tunapoumia. Lakini mtu akipata opioidi nyingi kutoka nje, mambo mawili hutokea. Seli zinazopima kaboni dioksaidi zinakuwa kama zimezibwa masikio, na mpiga ngoma naye anapunguza mwendo. Pumzi zinakuwa chache na fupi. Mtu hahisi kwamba anakosa hewa, na hapo ndipo penye hatari. Anayezama majini hupigana. Huyu hapigani, analala tu.

Kwa kifaru taabu huongezeka kwa sababu ya mwili wake. Uzito wake mwenyewe hukandamiza mapafu anapolala ubavu. Ndiyo maana madaktari humgeuza akae kifudifudi ikiwezekana, humwekea mpira wa oksijeni puani, na mmoja wao huwa na kazi moja tu: kuhesabu pumzi.

Mwaka 2021 ulimwengu ulicheka utafiti mmoja uliofanywa Namibia. Vifaru weusi 12 waliolazwa kwa etofini walining'inizwa miguu juu kichwa chini, kama wanavyobebwa na helikopta. Utafiti huo ulipewa zawadi ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa sayansi inayochekesha kwanza kisha ikafikirisha. Matokeo yake? Kifaru aliyening'inizwa hapumui vibaya kuliko aliyelazwa ubavu. Alipata hata nafuu kidogo. Cheka, lakini ujue sasa madaktari wanaomhamisha kifaru kwa helikopta hawabahatishi tena.

MFANO WA KITI CHA MATATU

Mwalimu wetu wa Bayolojia alitupa mfano ambao sijausahau. Fikiria matatu inayotoka hapa Rongo kwenda Homa Bay. Dereva ni pumzi. Kando ya dereva kuna kiti kimoja. Opioidi ni abiria anayekikalia kiti hicho na kumwambia dereva kila mara, "Polepole, polepole." Akizidi kusema hivyo, dereva anasimama kabisa barabarani.

Utafanyaje? Tafuta abiria mwingine mwenye misuli, anayekipenda kiti hicho kuliko yule wa kwanza. Atamsukuma atoke, atakaa yeye, naye hatasema neno. Dereva akiachwa kimya anaendesha kama kawaida. Abiria huyo wa pili ndiye dawa pinzani. Anaingia katika kipokezi, anakizuia, lakini hakibonyezi.

Ajabu ni kwamba abiria hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja. Wanakemia walichukua mofini, wakabadilisha tawi moja dogo la molekuli yake, wakapata nalofini, ambayo hupinga mofini. Walichukua thebaini ileile iliyozaa etofini, wakabadilisha matawi machache, wakapata diprenofini, iitwayo M5050, ambayo humwamsha mnyama aliyelazwa na M99. Wazee wetu walisema dawa ya moto ni moto. Katika somo hili methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Kwa binadamu dawa pinzani inayojulikana zaidi ni naloksoni. Ombi la hataza yake lilitolewa mwaka 1961, na Marekani ikaruhusu itumike kwa watu mwaka 1971. Mtu aliyezidisha heroini, akiwa bado moyo unapiga, anaweza kudungwa sindano hiyo au kupuliziwa puani akavuta pumzi katika dakika chache. Ndugu zetu wa Pwani, kule Mombasa, Malindi na Lamu, wanaijua balaa ya heroini kuliko sisi wa huku bara. Kwa habari kama hizo naloksoni ina thamani ya uhai.

Lakini angalia jambo hili. Naloksoni hukaa mwilini kwa muda mfupi, kama nusu saa hadi saa moja na nusu. Yaani yule abiria mwenye misuli anashuka Rodi Kopany, wakati gari bado lina safari ya Homa Bay. Yule wa kwanza hajaondoka garini, alisimama tu nyuma. Anarudi kitini, na dereva anaambiwa tena polepole. Kwa hiyo aliyeamshwa kwa naloksoni haachwi aende zake nyumbani. Hupelekwa hospitali akaangaliwe. Wanyama nao huweza kulala tena baada ya kuamshwa, na kwa sababu hiyo madaktari wa wanyama wana dawa nyingine ya kudumu zaidi, iitwayo naltreksoni.

WALIOTANGULIA KATIKA NCHI ZETU

Msidhani elimu hii yote ilitoka ng'ambo tu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuwalaza na kuwaamsha wanyama wakubwa ilifanyika hapa Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 nchini Uganda, watafiti walijaribu kuwakamata swala kwa dawa za kulegeza misuli. Ubaya wa dawa hizo ni kwamba mnyama hulegea akiwa macho, na kipimo kikizidi kidogo tu misuli ya kifua nayo hulegea, basi amekwisha. Mmoja wa waliotafuta njia bora ni Antonie Harthoorn, daktari wa wanyama mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Uganda na Kenya. Ni yeye na mkewe wanaotajwa kuwa chanzo cha wazo la mchezo wa televisheni wa Marekani ulioitwa "Daktari", ulioonyeshwa kuanzia 1966 hadi 1969. Neno letu la Kiswahili likaingia katika nyumba za Wamarekani kwa njia ya wanyama!

Mwaka 1965, J. M. King na B. H. Carter walichapisha katika jarida la East African Wildlife Journal taarifa ya vifaru weusi waliolazwa kwa M99 na kuamshwa kwa dawa mbili, moja ikiwa M285, ndugu mwingine wa ukoo huohuo, na ya pili nalofini. Hapo ndipo kifaru alipoweza kulala na kuamka kwa amri ya daktari. Dawa pinzani hudungwa katika mshipa, mara nyingi wa sikio, na katika dakika mbili tatu mnyama huinua kichwa, husimama, na watu hukimbilia magari yao.

Faida yake ni nini? Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Ujangili uliwamaliza hata mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabaki chini ya 400. Leo wamepanda tena hadi karibu 1,000. Walindwe, wagawanywe, wapelekwe mahali papya kama Ruma, yote hayo yasingewezekana bila kuwalaza na kuwaamsha salama. Na kuhamisha si mchezo. Mwaka 2018 vifaru 11 waliopelekwa Tsavo Mashariki walikufa wote. Watu wengi mitaani walisema ni dawa ya usingizi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kumi walidhuriwa na maji yenye chumvi nyingi waliyoyakuta huko, na wa kumi na moja alishambuliwa na simba. Kifaru huamka salama kutoka usingizini, kisha akauawa na kisima.

MBUZI, PANYA NA BINADAMU

Sasa tufike kwenye swali gumu. Dawa pinzani humfukuza abiria kitini, sawa. Lakini abiria huyo alikuwa na kazi mbili: alipunguza pumzi, na pia alituliza maumivu. Ukimfukuza, pumzi inarudi na maumivu yanarudi pia. Kwa kifaru, ukimwamsha katikati ya kazi anakutoboa. Kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, ni mateso. Je, hakuna njia ya kurudisha pumzi peke yake, usingizi na utulivu vikabaki?

Wanasayansi wamelitafuta jibu kwa wanyama. Mwaka 2003 huko Ujerumani panya walipewa fentanili mpaka pumzi ikafifia, kisha wakapewa kitu kiitwacho BIMU8. Hiki hakigusi kiti cha opioidi hata kidogo. Kinagusa kipokezi kingine, cha serotonini, katika seli zilezile za mdundo. Pumzi ya panya ilirudi na maumivu yaliendelea kutulizwa. Kwa mfano wetu, hawakumfukuza abiria. Walimwekea dereva rafiki upande wa pili anayemwambia, "Twende, twende."

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walifanya hivyo kwa mbuzi. Waliwalaza kwa etofini, ileile ya vifaru, kisha wakawapa dawa mbili za njia ya serotonini, zakopridi na nyingine ijulikanayo kama 8-OH-DPAT. Pumzi ikarudi, oksijeni ikapanda katika damu, na mbuzi wakabaki wamelala. Hicho ndicho daktari wa wanyamapori angetaka.

Je, binadamu? Hapa tusiruke mbele kama ng'ombe aliyeona mahindi. Mwaka 2005 watu waliojitolea walipewa mofini na mosapridi, dawa inayogusa kipokezi cha aina ileile kama BIMU8. Haikurudisha pumzi. Kilichofaa panya hakikufaa mtu. Lakini kuna kundi jingine la dawa, ampakini, zinazoongeza nguvu za ujumbe kati ya seli za ubongo. Moja yake, CX717, ilisaidia pumzi za panya. Mwaka 2010 ilijaribiwa Ujerumani kwa watu waliojitolea waliopewa opioidi, nayo ikapunguza kule kufifia kwa pumzi bila kuondoa kinga ya maumivu. Hata hivyo, mpaka leo mtu akipatikana amezidisha opioidi, dawa ya kumkimbilia ni naloksoni.

Katika mjadala wa chama, dada mmoja wa Kidato cha Pili aliuliza kama ni haki kumtesa mbuzi kwa ajili ya majaribio. Swali lake ni zuri na hatukulimaliza. Mimi nasema hivi: mbuzi wale walifundisha jambo linalomsaidia mnyama mwenzao porini, na panya wanatupa matumaini na pia onyo. Ila mtafiti asiyehesabu maumivu ya mnyama hatahesabu ya mtu.

KOSA LANGU

Sasa nitimize ahadi.

Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Dana, alikuwa na saratani ya umio. Chakula kilikuwa hakipiti, na maumivu yalimwamsha usiku. Hospitali walimpa mofini ya maji katika chupa, anywe kidogo kila baada ya saa nne. Ilimsaidia. Alianza kuketi nje jioni na kuuliza habari za shule.

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilinikuta nimetoka Ruma juzi tu. Wakati wa chakula nikaanza kujigamba. Nikasimulia habari za bunduki, punje ya mchele, kifaru wa kilo elfu moja anayeanguka chini, na pumzi inavyokwisha polepole bila yeye kujua. Baba mdogo akaacha kula.

"Dawa hiyo ni ya namna gani?" akauliza.

"Ni ukoo mmoja na ile ya Dana," nikasema. Nilijiona profesa.

Sikusema zaidi kwa sababu sikujua zaidi. Kesho yake nilirudi shuleni. Baba mdogo aliichukua ile chupa akaifungia sandukuni. Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa kumwua mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Dana akabaki na vidonge vya kawaida vya kichwa, ambavyo hata kuvimeza hakuweza.

Siku ya tisa mama alikuja shuleni kuleta karo. Akaniambia Dana halali, na majirani wanamsikia. Kisha akaniuliza, kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko kofi, "Ni kweli ulimwambia baba yako mdogo kwamba dawa ile inaua?"

Nilienda moja kwa moja kwa mwalimu wa Bayolojia. Hakunikaripia. Alinichorea yale yote niliyowaandikia hapa juu, kisha akaniambia: "Kifaru hupewa etofini ya kumwangusha, na kwa makusudi huzidishiwa. Nyanya yako anapewa mofini, ambayo nguvu yake ni ndogo mno mbele ya hiyo, kwa kipimo kilichoanza chini na kupandishwa kadiri ya maumivu. Ikitolewa hivyo, ni nadra pumzi kuathirika. Taabu atakazopata ni usingizi siku za kwanza, kichefuchefu, na tumbo kufunga, na hilo la mwisho lina dawa yake." Akaniambia pia kwamba nchi jirani ya Uganda imetengeneza mofini ya maji kwa wagonjwa wa namna hii tangu hospisi ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993, na kwamba hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Wauguzi wanaijua kazi hii.

Mwalimu alinipa simu nimpigie mama. Siku hiyohiyo walimpeleka baba mdogo kwa muuguzi, akaelezwa kwa Dholuo mpaka akaridhika. Jioni akalifungua sanduku. Baada ya Dana kunywa dawa, baba mdogo alikaa kando ya kitanda na saa yake ya mkononi, akihesabu pumzi usiku kucha. Kumi na sita kwa dakika. Kumi na nne. Kumi na sita tena. Jogoo alipowika Dana bado alikuwa amelala, usingizi wake wa kwanza katika siku tisa.

Aliishi wiki sita zaidi. Nilipata kumwona, nikamwomba msamaha. Alisema hakumbuki nilichosema mezani, ila anakumbuka kwamba nilikula sana. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alitutoka mwezi wa Agosti, bila kulia.

Zile siku tisa siwezi kuzirudisha. Hakuna dawa pinzani ya maneno yaliyokwisha semwa. Lakini ninaweza kuwapa wenzangu somo zima, ili asitokee mwingine wa kupeleka nusu yake nyumbani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika akiwa ametulia. Aliyetumia opioidi akawa haamki akitikiswa, pumzi zake chache mno, na mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, yu hatarini. Mlaze ubavu, ita msaada, mkimbize hospitali. Usimwache "alale tu."
2. Mgonjwa aliyeandikiwa mofini aipate kwa kipimo na saa alizopangiwa. Asiongezewe na mtu wa nyumbani, wala asinyimwe na mtu wa nyumbani. Asichanganye na pombe.
3. Ukiwa na hofu, muulize muuguzi kabla ya kufunga sanduku.
4. Matokeo ya mnyama ni mwanzo wa njia. Hayajawa matokeo ya mtu mpaka yapimwe kwa mtu.

MSAMIATI

Dawa pinzani: dawa inayokalia kipokezi na kuzuia nyingine isifanye kazi.
Hataza: haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya kitu alichovumbua.
Kasumba: utomvu wa mpopi, pia huitwa afyuni.
Kipokezi: mahali juu ya seli panapopokea dawa au ujumbe wa mwili.
Shina la ubongo: sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo.
Umio: njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

MASWALI

(a) Eleza kwa nini mtu aliyezidisha opioidi hapigani kutafuta hewa kama anayezama majini.
(b) Ukitumia mfano wa matatu, fafanua kwa nini aliyeamshwa kwa naloksoni hapaswi kuachwa peke yake.
(c) Dawa waliyopewa mbuzi mwaka 2006 ilitofautianaje na M5050?
(d) "Dawa ya moto ni moto." Jadili methali hii kwa kurejelea ukoo wa kasumba.
(e) Andika mazungumzo kati ya muuguzi na baba mdogo. Tumia Kiswahili ambacho baba mdogo ataelewa.

Swali la (e) ndilo gumu kuliko yote, na atakayelijibu vizuri namwomba alisome kwa sauti siku ya chama.